Debe la Kwanza

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Buthaina aligonga lango la kina Rahaf mara tatu, polepole, kisha akasubiri. Hakuwa na haraka na jambo lolote duniani, huyu Buthaina. Ndani, Rahaf alikuwa bado anabugia mkate wa zaatari, ule unaopakwa majani makavu ya viungo na mafuta, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, huku mama yake akimfuata na kikombe cha chai. "Mwenzio yuko nje kwenye baridi, mama," alikuwa akimwambia binti yake. "Wewe kila siku unasubiriwa tu."

Kisha wawili hao waliteremka kilima cha mtaa wao, hapo Irbid, wamevaa sare zao za kijani. Rahaf alitangulia, akizungumza bila kituo. Buthaina alifuata nyuma akisikiliza, na mara mojamoja akitia neno. Walikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa moja, ukuta mmoja kati ya nyumba zao, na mama zao walisalimiana juu ya ukuta huo tangu mabinti hawajaota meno.

Lakini hawakufanana. Rahaf akiulizwa swali darasani, jibu lilimtoka kabla swali halijaisha. Buthaina akiulizwa, alinyamaza kwanza, akatazama dirishani, wenzake wakaanza kucheka chinichini, na ndipo alipojibu. Mara nyingi jibu lake lilikuwa sahihi. Tabu ni kwamba kufikia hapo wengi walikuwa wameshaacha kumsikiliza.

Wote wawili walikuwa katika klabu ya kompyuta ya Mwalimu Nihad, iliyokutana Jumatatu na Jumatano baada ya masomo. Mwalimu Nihad alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa ikimteremka puani, na likizo yote ya kiangazi hakwenda popote. Alijifungia nyumbani akitengeneza programu ya kufundishia algorithimu, yaani zile hatua zinazofuatana ambazo kompyuta huzifuata bila kuruka hata moja. Alichukua programu moja ya kigeni, iliyoachwa wazi kwa walimu wa dunia nzima waitumie wapendavyo, akageuza maneno yake yote kuwa Kiarabu. Akaondoa picha za masanduku, akaweka picha za madebe ya mafuta ya zeituni, yale ya bati ambayo kila nyumba ya Irbid huyapanga stoo msimu wa mavuno. Alitaka mtoto aione algorithimu kwa macho na kuigusa kwa mkono wake, si kuikariri ubaoni.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kwenye kioo yalitokea madebe sita kwa mstari, kila moja na namba yake, yamechanganywa. Chini yake pameandikwa: "Panga madebe kuanzia dogo mpaka kubwa. Anza na debe la kwanza. Lilinganishe na jirani yake. Kama ni kubwa kuliko jirani, yabadilishane nafasi. Kisha songa mbele hatua moja." Ukigusa sawasawa, debe linageuka kijani na kishale cha njano kinatokea kukuonyesha unakokwenda. Ukikosea, debe linageuka jekundu na mashine inalia tiiit.

Mwanzoni mwa Oktoba, Mwalimu Nihad alimwita Rahaf na kumpa daftari jipya lenye jalada la bluu. Alimweleza kwamba Novemba atakuja mhadhiri wa chuo kikuu kuikagua programu, na ikimpendeza, itakwenda Amman, mji mkuu, kwenye maonyesho ya vifaa vya kufundishia. Kabla ya hapo ilibidi ijaribiwe na wanafunzi ishirini na wanne, mmojammoja, dakika kumi kila mmoja. Rahaf ndiye angewaita na kuandika. Na atakayeandika, ndiye atakayefuatana na mwalimu Amman, siku mbili.

"Utakaa nyuma ya mwenzio," Mwalimu Nihad alisema. "Usimsaidie, usimcheke, hata kukohoa usikohoe. Andika anachokifanya, basi."

"Na akikosea, Mwalimu?"

"Andika amekosea wapi. Hayo ndiyo ninayoyataka kuliko yote. Tukikuta kasoro kubwa, tutaiacha programu mpaka mwakani. Sipeleki Amman kitu kibovu."

Katika maneno yote hayo, yaliyomkaa Rahaf kichwani yalikuwa mawili tu: Amman, na mpaka mwakani.

Jumatatu ya kwanza aliwaita wasichana wanne. Wa kwanza alikaa, akasoma maelezo, akagusa debe la mwisho upande wa kulia. Tiiit. Akagusa tena palepale. Tiiit. Akahangaika hivyo mpaka dakika kumi zikaisha. Wa pili akaanzia upande wa kulia vilevile. Wa tatu, hivyohivyo. Alipofika wa nne na kunyoosha mkono kulekule kulia, Rahaf aliuma midomo asiseme kitu.

Yeye mwenyewe alikuwa ameijaribu siku nyingi nyuma, akaanza kushoto bila hata kufikiri, maana tangu utotoni alicheza michezo ya kompyuta ya kaka yake, na humo kila kitu huanzia kushoto. Sasa ndipo alipoelewa. Mtoto wa Irbid anasoma kutoka kulia. Anaandika kutoka kulia. Daftari lake linafunguliwa kutoka kulia. Ukimwambia "la kwanza," jicho lake linakwenda kulia lenyewe, wala hana kosa. Mwalimu Nihad aligeuza maneno ya programu ile yote, ila mwanzo wake aliuacha ulipokuwa.

Rahaf akaandika yote hayo katika ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri: "Wote wanne wameanzia upande wa kulia. Wote wamepata nyekundu. Nadhani programu inaanzia upande usio wetu." Aliisoma tena sentensi hiyo ya mwisho, akajisikia fahari. Laiti angeliishia hapo, hadithi hii isingekuwa na la kusimuliwa.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameteremsha sanduku dogo la safari kutoka juu ya kabati na analifuta vumbi. Gauni la bluu la Rahaf lilikuwa limetandazwa kitandani, pindo limefumuliwa liongezwe urefu. Na juu ya ukuta, mama alikuwa akimhadithia Mama Qusay, mama yake Buthaina, kwamba binti yake anakwenda Amman na mwalimu, kwenye maonyesho, mbele ya watu wakubwa. Mama Qusay akashukuru Mungu kana kwamba mtoto ni wake.

Rahaf aliingia chumbani, akafunga mlango. Akaufungua ukurasa wa kwanza, akausoma. Kasoro kubwa, mpaka mwakani. Akaushika ukurasa pembeni na kuuchana taratibu, asisikike. Hakuthubutu kuutupa. Aliukunja mara nne akautia ndani ya atlasi yake, katikati, penye bahari, mahali ambapo hakuna mtu afunguaye.

Kuanzia Jumatano, kila msichana alipokaa tu mbele ya kompyuta, Rahaf alimwinamia sikioni: "Anza kushoto." Msichana akaanza kushoto, debe likageuka kijani, kishale kikatokea, mambo yakaenda. Na Rahaf akaandika: "Amefaulu bila msaada." Wale wanne wa Jumatatu aliwaandikia vivyo hivyo, kutoka kichwani mwake. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa kumi aliuandika huku akifikiria avae viatu gani Amman.

Buthaina alikuwa wa kumi na tisa. Alikaa, akavuta kiti, akayasoma maelezo mara mbili huku mdomo ukichezacheza. Rahaf akainama.

"Anza kushoto."

Buthaina akageuka. "Si umeambiwa usisaidie?"

"Nakusaidia wewe, si mtu baki. Anza kushoto, tumalize."

"Sasa ukinisaidia, utaandika nini kwenye daftari?"

Swali hilo lilimkera Rahaf. Akamwambia basi, afanye atakavyo. Buthaina akageukia kioo na kugusa debe la kulia. Tiiit. Akatazama dirishani, akalirudia lilelile. Tiiit. Aligusa mara sita. Hakuwa anabahatisha, alikuwa akilitazama lile debe kama mtu anayebishana na mwenzake kwa upole.

"Hili ndilo la kwanza, Rahaf," alisema mwishowe. "Hata stoo kwetu, la kwanza ni hili. Mashine ndiyo imekosea."

"Mashine haikosei," Rahaf akasema. "Muda umekwisha."

Na akaandika: "Buthaina ameshindwa. Hajaelewa hatua." Akajiambia kwamba hata hivyo si vibaya. Wakifaulu wote ishirini na wanne, nani ataamini? Mmoja akishindwa, daftari litaonekana la kweli zaidi. Ndivyo alivyojiambia, na tangu siku ile mpaka leo, katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo linalomchoma kupita mengine.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na mbili, na wasichana wa kutaka kujiunga na klabu walikuwa wengi. Wiki iliyofuata Mwalimu Nihad alimwita Buthaina pembeni, akamwambia kwa sauti ya huruma kwamba apumzike muhula huu, ampishe mwingine, atarudi akishakomaa kidogo. Buthaina hakulalamika. Alichukua mkoba wake na kusema, "Sawa, Mwalimu."

Walipokuwa wakipandisha kilima kurudi nyumbani, Buthaina alitembea mpaka duka la falafeli, na hapo akasimama.

"Rahaf. Wengine wote walipata?"

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli pale. Barabara ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kumsikia, na aliyemwuliza alikuwa mtu aliyemgongea lango miaka saba. Rahaf alitazama viatu vyake.

"Wote," akasema.

"Basi ni mimi," Buthaina akasema, na wakaendelea kupanda.

Baada ya siku chache lango likaacha kugongwa. Buthaina alimtumia salamu kupitia kwa mama zao kwamba siku hizi anakwenda shule mapema na binamu yake. Hapakuwa na ugomvi. Aliona haya tu kutembea na msichana wa klabu, yeye aliyetolewa. Rahaf alikunywa chai yake yote kila asubuhi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumharakisha.

Alhamisi moja ya katikati ya Novemba, mhadhiri akaja. Aliitwa Daktari Suhair, mama wa makamo, mpole wa maneno. Mwalimu Nihad alikuwa amewaalika watoto wa darasa la tano kutoka shule ya jirani, ambao hawajawahi kuiona programu. Waliketi wawiliwawili, miguu ikining'inia vitini, wamefurahi. Mwalimu Nihad akawaambia wasome na waanze. Rahaf alisimama kando yake, daftari la bluu kifuani.

Tiiit. Kisha tiiit nyingine. Kisha chumba kizima. Mashine kumi na mbili zililia kwa pamoja, na kila kioo kilikuwa na debe jekundu upande wa kulia. Watoto walicheka kwanza, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Halafu kicheko kikapungua. Kibinti kimoja cha nywele za mikia miwili kiliondoa mkono kwenye kipanya na kuuweka mapajani.

"Mimi siwezi kompyuta," kikamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri.

Rahaf alisikia. Aliisikia pia sauti nyingine nyuma yake, ile ya mbele ya duka la falafeli.

Daktari Suhair aliuliza kama programu ilijaribiwa na wanafunzi. Mwalimu Nihad akalichukua daftari mikononi mwa Rahaf na kumwonyesha: ishirini na watatu kati ya ishirini na wanne, bila msaada. Mgeni akalipekua, akawatazama watoto, akalitazama tena.

"Basi hawa wa leo wana nini?" akauliza.

Mwalimu Nihad alipandisha miwani yake. Uso ulikuwa umemgeuka mwekundu. "Nadhani sikuwaeleza vizuri," alisema. "Kosa ni langu."

Sentensi moja ingetosha. Rahaf alikuwa nayo mdomoni, nzima, imekamilika. Akaimeza. Alisimama pale akimtazama mwalimu wake akijitwika kosa lisilo lake mbele ya mgeni.

Programu haikuchaguliwa. Nyumbani, mama alilirudisha sanduku juu ya kabati, akamwambia binti yake kwamba ni riziki tu, mwakani watapata. Maneno hayo ya upole yalimwumiza kuliko kofi. Ijumaa hakula mansafu, chakula alichokisubiri wiki nzima. Jumamosi akaifungua atlasi, penye bahari.

Jumapili, siku ambayo huko ndiyo inayofungua wiki ya shule, baada ya kengele ya mwisho, alimkuta Mwalimu Nihad peke yake katika chumba cha kompyuta, anazifunika mashine. Rahaf alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, na yote yakampotea. Aliuweka ukurasa uliochanwa juu ya meza.

Mwalimu aliusoma akiwa amesimama. Akakaa, akausoma tena. Kisha akalifungua daftari la bluu, akakutanisha ukurasa na kishina kilichobaki penye mshono, na vikakubaliana.

"Ni wangapi uliowanong'oneza?"

"Kumi na tisa. Wale wanne wa kwanza niliwaandikia tu."

"Na Buthaina?"

"Buthaina alikataa kunong'onezwa." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Alisema mashine imekosea, Mwalimu. Aliniambia wazi. Nikaandika kwamba hajaelewa."

Mwalimu Nihad hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Aliifunua mashine moja, akaiwasha, akafungua mahali ambapo programu imeandikwa na kuanza kutafuta. Rahaf alisimama nyuma yake, hakuambiwa akae wala aondoke. Adhana ya alasiri ilipoanza kusikika kutoka msikiti wa jirani, madebe kwenye kioo yalikuwa yamegeuka. Mwalimu akagusa debe la kulia. Kijani. Kishale cha njano kikatokea na kuelekea kushoto.

"Ni hii tu," alisema, mikono imemlegea. "Haikufika saa moja. Na nilikuwa na wiki tano."

Rahaf hakuweza kumtazama.

"Maneno niliyageuza, mwanzo wake nikausahau," Mwalimu Nihad akaendelea, kama anayezungumza peke yake. "Macho yangu yamezoea kushoto miaka mingi, kama yako. Ndiyo maana nilihitaji macho ya watu wengine. Na mtoto mmoja akaliona kosa langu, mimi nikamtoa klabu kwa neno la daftari. Hata kumwuliza sikumwuliza." Aliizima mashine. "Mimi nitamwomba radhi kesho. Wewe nenda leo."

Nyumba ya kina Buthaina ilikuwa na harufu ya mafuta mabichi. Siku ile mavuno yao yalikuwa yamerudi kutoka kwenye kinu, na Mama Qusay alikuwa stoo, mikono ya gauni imekunjwa, akisukuma madebe ukutani. Buthaina alichuchumaa na chaki, akiandika namba kwenye kila bati. Namba moja ilikuwa upande wa kulia, karibu na mlango. Mama Qusay alimtazama Rahaf usoni, akaelewa kuna jambo, akasema anakwenda kuteleka chai.

Rahaf alieleza yote, tangu ukurasa uliochanwa. Hakujitetea. Buthaina alisikiliza bila kuinua kichwa, chaki imesimama kwenye namba nne.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Pale dukani. Nilikuuliza kama wengine wote walipata, ukasema wote."

"Najua."

"Mwezi mzima nimekaa nikijua mimi ni mjinga. Sikudhani, Rahaf. Nilijua. Mwalimu akiuliza swali darasani, nilikuwa na jibu, nikawa sinyooshi mkono."

"Nisamehe."

Buthaina alitazama kidirisha cha stoo kwa muda mrefu, kama kawaida yake. "Sijui," akasema. "Nitakuambia nikijua." Kisha akaendelea kuandika: nne, tano, sita. Mama Qusay akaleta chai, Rahaf akainywa, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemwambia abaki.

Jumatatu, mbele ya klabu nzima, Mwalimu Nihad alimkaribisha Buthaina kwenye kiti chake na kumwomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Rahaf naye alisimama akasema lake. Wasichana wawili watatu wakasonya, na walikuwa na haki yao. Kisha mwalimu akaliinua daftari la bluu.

"Mnaona hili? Limejaa mwandiko mzuri, na halina faida," alisema. "Sikumpa mwenzenu daftari aandike yanayonifurahisha. Nilimpa aandike yaliyotokea. Kosa lililoandikwa kwa ukweli ningelitengeneza mchana mmoja, tukaenda Amman. Kosa lililofichwa limetunyima Amman, sawa, Amman ipo tu. Lakini limemfanya mtoto mwenye akili aamini hana akili. Hilo sina programu ya kulitengeneza." Alivua miwani, akaifuta. "Mkiona jambo limekwenda kombo, semeni siku ileile. Kila siku mnayonyamaza, kuna mtu mwingine anayelipia."

Wiki hiyohiyo alikwenda na kompyuta yake mpaka shule ya jirani, akamtafuta yule binti wa mikia miwili. Mtoto aligusa debe la kulia akiwa amefumba jicho moja kwa woga, likageuka kijani, na hakutaka tena kuondoka kitini.

Mwaka ule Amman walikwenda wasichana wa shule nyingine. Lango la kina Rahaf halikugongwa tena mara tatu. Siku hizi yeye ndiye anayetoka mapema, na kwenda kugonga la kina Buthaina na kusubiri kwenye baridi. Asubuhi nyingine Buthaina anatoka na binamu yake, asubuhi nyingine wanatembea wote watatu. Mazungumzo yapo, ila Rahaf hatangulii mbele tena, na hazungumzi mfululizo kama zamani.

Programu ilibidi ijaribiwe upya, na safari hii daftari jipya, jekundu, alipewa Buthaina. Wa kwanza kuitwa alikuwa Rahaf. Alikaa, akavuta kiti. Nyuma yake alisikia kalamu ikifunguliwa. Alitaka kuonyesha kwamba anaijua. Akanyoosha mkono upesi, kama alivyozoea tangu michezo ya kaka yake, na kugusa debe la kushoto.

Tiiit.

Masikio yalimwaka. Alijua jibu, alikuwepo hata programu ilipogeuzwa, na bado mkono wake ulikwenda wenyewe. Akageuka nusu, akitamani neno moja tu, hata la kunong'onezwa.

"Nimeambiwa nisisaidie," Buthaina akasema, na kalamu yake ikaendelea kuandika.

Rahaf akavuta pumzi, akaanza tena, upande wa kulia, hatua kwa hatua, mpaka madebe yote sita yakawa kijani. Dakika zake zilipoisha alisimama, akapita karibu na meza, na macho yakaangukia ukurasa. Alijiandaa kukuta neno lile aliloliandika yeye: hajaelewa. Alilistahili.

Ukurasani palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wa taratibu: "Rahaf ameanza kushoto, amepata nyekundu. Ameanza tena upande wa kulia, amemaliza. Anaelewa hatua. Ni mkono tu uliozoea."